Uso wa Nyumba ya Jirani

Basi lilipopita Kidahwe nilifungua dirisha, na dada aliyekaa nyuma yangu akalalamika kwamba upepo unamharibia nywele. Nilimwomba radhi lakini sikulifunga. Nawe niwie radhi, rafiki yangu. Mtu aliyezaliwa Ujiji, akiikaribia Kigoma baada ya miaka mingi, lazima anuse kwanza. Kuna harufu ya mawese yanayochemshwa nyuma ya nyumba, harufu ya mihogo iliyolowekwa, na ukisogea mbele zaidi, harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Wageni huikunjia pua. Mimi nililia kidogo, nikasingizia upepo.

Sikuwa nimekwenda kutembea. Siku chache kabla ya hapo nilipigiwa simu na binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Tulisalimiana salamu ndefu za kwetu, za kuulizana mpaka habari za kuku, kisha akasema, "Dada, nyumba ya bibi imepigwa X. Na ya kwetu pia. Mama hataki kusema lolote mpaka aje mwenzake wa ng'ambo. Mwenzake sasa ni wewe."

Manispaa ilikuwa imeamua kuutengeneza mtaa wetu wa kale. Lami, mitaro ya kufunikwa, taa, na njia ya waenda kwa miguu. Pale kwetu kwenye kona barabara ni nyembamba, na lazima upande mmoja usogee. Ama ukatwe uso wa nyumba ya bibi, yaani baraza, ukuta wa mbele na sebule, ama kikatwe chumba cha mbele cha jirani, ndimo anamolala na ndimo alimouzia mawese maisha yake yote. Mwenyekiti wa mtaa alisema tukubaliane wenyewe, na tusipokubaliana basi zitakatwa zote mbili. Bibi yangu alipofariki aliniachia mimi nyumba ile. Nilipanda basi nikiwa nimeshakata shauri kwamba ukuta wa bibi hautaguswa, na nilikuwa nimejiandalia maneno ya kutosha.

Usidhani kwamba mimi ni adui wa lami. Nimeishi Dodoma muda mrefu, na kila nikitaja kwetu napata majibu yale yale. "Kigoma? Mwisho wa reli!" Mwingine ananiuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo, halafu anacheka peke yake. Mwingine anaurudisha mkono wake taratibu kabla hatujamaliza kusalimiana, kwa kuogopa uchawi. Wapo hata wanaoniuliza kama mimi ni Mtanzania kweli, huku wanakula dagaa wetu na kulamba vidole. Na mgeni akifika Ujiji yenyewe, aliyoisoma kwenye vitabu vya historia, husimama katikati ya mtaa, akaziangalia nyumba za udongo, mabati yenye kutu na mtaro uliojaa makopo, akauliza, "Ndiyo hapa tu?" Swali hilo liliniuma utotoni na linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo lami naitaka sana. Sikutaka tu ipite juu ya bibi yangu.

Nikiwa darasa la pili nilirudi nyumbani nikilia, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia kutoka Tabora alituita watu wa mwisho wa reli. Bibi alikuwa anapepeta mchele barazani. Hakuinua hata macho. "Reli haikusimama hapa kwa kuchoka," alisema. "Ilisimama kwa kufika." Sikuelewa, ila nililishika neno lile, na kesho yake nikamrushia yule mtoto. Naye hakuelewa, tukaendelea kucheza.

Mtaa wetu wakati huo haukuwa mzuri kuliko leo, nisikudanganye. Mvua zikianza ulikuwa matope, na kiangazi vumbi jekundu lilitua mpaka kwenye kope. Lakini ulikuwa na watu. Asubuhi ulisikia michi kabla ya jogoo wa pili, na muuza samaki wa migebuka akipita anaita kwa sauti ya puani, beseni kichwani, paka wakimfuata kwa adabu. Mchana ulinukia maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu, na ugali wa muhogo uliosongwa mpaka ukanyooka kama mpira. Jioni, meli ikipiga honi bandarini, sisi watoto tulisimama tukaiitikia, kana kwamba inatuita kwa majina. Giza likiingia, karabai za wavuvi wa dagaa ziliwaka ziwani moja baada ya nyingine, na bibi alikuwa akisema hao ndio majirani zetu wa upande wa maji.

Jirani wa upande wa nchi kavu alikuwa yule mama. Tulimwita mama wa ng'ambo, kwa sababu mlango wake ulitazamana na wetu. Bibi yangu alikuwa mtoto wa Ujiji, wa ukoo wa wale waliovuka ziwa kutoka Manyema zamani za biashara, Mwislamu wa kufunga mpaka sunna. Mama wa ng'ambo alikuwa Muha wa Kasulu, Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alikuwa akiuza mawese kwenye chupa, na mikono yake ilikuwa na rangi ya machungwa hata akitoka kuoga. Bibi alikuwa mpole wa maneno ila mkali wa macho. Mwenzake alikuwa mkali wa maneno, halafu anakupa chapati.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijaliona pengine popote. Nyumba za mtaa ule zilikandikwa upya kila sikukuu. Udongo mweupe ulichimbwa bondeni Luiche, ukalowekwa kwenye pipa, ukachujwa kwa kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto. Chini ya ukuta ulipakwa ukanda wa udongo mwekundu, ili matope ya mvua yasionekane, na juu ukapakwa huo mweupe. Kisha kabla haujakauka ulichorwa kwa vidole, mistari ya mapinde iliyopandana kama magamba ya samaki. Lakini pale kwenye kona yetu hakuna aliyejipakia mwenyewe. Ikikaribia Idi bibi alikuwa jikoni, ana pilau, ana vitumbua, ana wageni, hana mkono mtupu. Mama wa ng'ambo ndiye aliyekuwa na nafasi, kwa hiyo alivuka barabara na ndoo yake akaukandika ukuta wetu. Ikikaribia Krismasi mambo yaligeuka. Yeye yuko jikoni, kuku wake wamepelekwa kwa mjomba wetu wachinjwe ili na sisi tuweze kula, na bibi anafunga kanga kiunoni anavuka kwenda kuukandika ukuta wa ng'ambo.

Niliwahi kumuuliza bibi kwa nini tusipake wetu wenyewe siku nyingine yoyote, tukamaliza. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Wewe ukikaa barazani kwako unaona nini?" akaniuliza. Nikasema naona nyumba ya mama wa ng'ambo. "Basi," akasema. "Uso wako anauona mwenzio. Acha auoshe yeye, ndiye anayejua palipo na uchafu."

Mapinde yao hayakufanana. Ya bibi yalikuwa madogo na yamebanana, kama mtu anayeogopa kupoteza udongo. Ya mama wa ng'ambo yalikuwa mapana, ya mkono wote, na hapa na pale yalibaki na rangi ya mawese. Bibi alilalamika kila Idi kwamba nyumba yake imeoga mafuta. Mwenzake alimjibu kwamba nyumba ya Krismasi inafanana na kitambaa cha kushonea, imedungwadungwa. Walisemezana hivyo hivyo, kila mmoja kwenye baraza lake, na barabara katikati ikisikiliza.

Mwaka mmoja alikuja mwalimu mgeni, kijana wa mikoa ya mbali, akapanga chumba cha uani kwa mama wa ng'ambo. Maskini, walimtisha huko alikotoka. Walimwambia usile cha mtu, usimpe mtu mkono, na usikubali kuangaliwa nyayo. Alikuja na sufuria zake, chumvi yake, na sanduku la biskuti. Tulimpenda kwa sababu alifundisha vizuri, lakini tulisikitika kumwona anakonda wakati mji mzima unapika. Mwalimu mkuu alimsihi, akajibu kwa upole kwamba lisemwalo lipo.

Basi alfajiri ya siku ya Idi yenyewe mwalimu akatoka kwenda msalani. Akamwona mama mwenye nyumba wake amesimama mbele ya nyumba ya watu, kanga kifuani, mikono myeupe mpaka viwikoni, anaimba taratibu na kuchora alama ukutani kwa vidole. Unaweza kufikiri alivyofikiri. Hakuuliza. Alirudi chumbani, akafunga sanduku lake, akapitia nyuma ya uzio. Kilichomshinda ni usafiri. Siku ile magari yote ya kwenda stesheni yalikuwa yamejaa watu wa sikukuu, na mwalimu akabaki ameketi juu ya sanduku lake karibu na soko, jua likimpanda.

Bibi ndiye aliyemkuta, alipokwenda kutafuta iliki. Alimaliza kwanza kununua iliki yake, kisha akasimama mbele yake. "Mwalimu," akamwambia, "wachawi wamepika pilau. Njoo ule. Ukifa tutakuzika vizuri, hapa maiti ya mgeni haitupwi." Wauzaji wote sokoni walicheka, na mwalimu mwenyewe, kwa njaa au kwa aibu, akacheka pia. Alikuja barazani kwetu akala. Alikula kwanza kama mtu anayeonja dawa, halafu kama mtu aliyetoka jela. Mama wa ng'ambo, mikono bado ina udongo, alijishika kiuno akamwambia kwa Kiha, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "ningetaka kukuroga ningekurogea kodi ya chumba."

Krismasi ilipofika, bibi alimpa mwalimu ndoo. Walikandika pamoja ukuta wa ng'ambo, na mapinde ya mwalimu yalipinda kila upande kama minyoo, tukamcheka mpaka mwaka mpya. Alikaa kwetu miaka mingi, akahamishwa analia. Sijui huko aliko anawaambiaje watu wanaomuuliza habari za Kigoma. Natumaini anawaambia kuhusu pilau.

Mimi nilikua, nikaondoka, nikawa mtu wa kurudi kwa misiba na harusi. Mtaa nao ulibadilika bila kunisubiri. Nyumba moja ikajengwa kwa tofali, ya pili ikapakwa rangi ya kopo, nyingine ikafungwa ikabomoka yenyewe, na watu wakaacha kwenda Luiche. Lakini wale wazee wawili waliendelea. Krismasi ya mwisho ya bibi nilikuwapo. Alikuwa amedhoofika, akakandika akiwa ameketi kwenye kigoda, anakisogeza kidogo kidogo. Alipobakiza ile kona ya karibu na mlango aliuweka mkono mapajani akasema, "Nitamalizia kesho." Kesho yake hakuinuka kitandani, na kabla ya Idi tulikuwa tumemzika.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipoteremka Ujiji na begi langu. Mtaa niliukuta mbaya kuliko nilivyoukumbuka, nikasikia aibu, halafu nikaionea hasira aibu yangu. Ukuta wetu ulikuwa bado na mapinde, yamepauka, na juu yake X nyekundu. Wa ng'ambo ulikuwa na hali mbaya zaidi, umemenyeka, umeingia vumbi, nusu ya mapinde hayaonekani. Binti wa nyumba alininong'oneza kwamba amegombana na mama yake mara nyingi. Tangu bibi afariki, mama yake hajakubali mtu yeyote aupake ukuta ule. Hata watu wa manispaa walimwambia kwa heshima kwamba nyumba yake inauangusha mtaa, akawajibu kwamba mtaa uliangushwa na wanaotupa makopo.

Nilimkuta barazani, mdogo kuliko sauti yake. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, mwana wanje. Umenenepa, Dodoma kuna chakula." Akanishika mkono, hakuuachia. Binti akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, akaja na fundi wa barabara, kijana mwenye adabu aliyevua kofia kabla ya kuketi.

Nikatoa maneno yangu niliyoyaandaa. Nikasema naitaka lami, naitaka mitaro, nimechoka kuchekwa. Lakini ule ukuta ndio kitu pekee kilichobaki cha bibi yangu. Vidole vyake viko pale. Nikasema afadhali wanilaze mimi barabarani. Nilisema kwa uchungu mpaka fundi akainamisha kichwa.

Mama wa ng'ambo alisubiri nimalize. Akaunyoosha mkono kuelekea nyumba yetu. "Pale kuna vidole vya nani?" akauliza.

"Vya bibi," nikasema.

"Vya bibi yako!" Akacheka kwa ile sauti yake ya kwaya, ikamalizikia kwenye kikohozi. "Yale mapana yale? Bibi yako alikuwa bahili wa udongo, hajachora pinde kubwa namna ile tangu azaliwe. Pale kwako ni mimi, mwana wanje. Bibi yako yuko huku kwangu."

Niligeuka. Nyuma ya mgongo wake, kwenye ule ukuta mchafu ulioaibisha mtaa, niliyaona yale mapinde madogo yaliyobanana, na ile kona tupu karibu na mlango. Ndugu yangu, nilikuwa nalijua jambo lile tangu utoto, nimekueleza mwenyewe sasa hivi. Lakini kwa kukaa mbali nilikuwa nimeanza kufikiri kama watu wa mbali, kwamba cha mtu kiko kwake. Nililia mbele ya mwenyekiti wa mtaa na chai yangu mkononi.

Nikawaambia wakate upande wetu.

Walikata. Sikuweza kutazama, nilikwenda Kibirizi nikakaa na wanawake wanaoanika dagaa, tukapiga soga za watu tusiowajua. Niliporudi baraza halikuwapo, na sebule ya bibi ilikuwa imekaa wazi, pazia lake likipunga upepo. Nilijengewa ukuta mpya nyuma kidogo, wa tofali za saruji, mgumu na wa kijivu. Leo lami imepita, mitaro imefunikwa, taa zinawaka, na vijana wanapiga picha pale kwenye kona wanazituma mbali. Wageni hawaulizi tena kama ndiyo hapa tu, au wanauliza kwa sauti ndogo zaidi. Nimefurahi, nasema kweli. Lakini barabara imekuwa pana, na mtu wa baraza moja akimtania wa baraza jingine, maneno hayafiki. Michi siisikii. Bonde la Luiche liko pale pale, na hakuna anayekwenda na ndoo.

Desemba ya mwaka ule ule nilirudi. Mama wa ng'ambo hakuwa anatoka tena barazani, alikuwa akilala chumba kile cha mbele, kitanda kikiwa karibu na dirisha, akiitazama lami. Nilipoingia nilikuta ndoo mlangoni, imejaa udongo mweupe uliochujwa. Binti yake alikuwa amekwenda Luiche kwa bodaboda.

"Krismasi imefika na mimi nina uso mchafu," mama akasema. "Anza na kona ile aliyoiacha mwenzangu. Ukiimaliza, rudi mwanzo, upake wote."

Nikamwambia siwezi. Nikipaka wote nitamfunika bibi. Nimetoa baraza langu ili abaki, sasa nimfunike kwa mkono wangu?

"Chini yake kuna Krismasi ngapi?" akaniuliza. "Kila mwaka alijifunika mwenyewe. Ukuta unapakwa, mwana wanje. Kinachoachwa bila kuguswa ni kaburi, na mimi nilikuwa nimeanza kuufanya kaburi." Kisha akageukia dirishani, kama mtu aliyemaliza biashara. "Na usiweke mapinde makubwa. Nataka ya kwake."

Nikafunga kanga kiunoni, nikatoka nje. Magari yalikuwa yakipita nyuma yangu kwenye lami, na mtu mmoja akapunguza mwendo kuangalia nafanya nini. Nikachovya vidole kwenye ndoo, udongo ukawa wa baridi vile vile, nikapiga magoti karibu na mlango pale bibi aliposema atamalizia kesho.